Mpangaji wa Kona

Numbi aliponikabidhi ufunguo, Katuba, mwezi wa sita,
alihesabu kwanza mali ya nyumba:
bati saba nzima, nne za kutobokatoboka,
bomba linalokohoa hewa hadi saa nane za usiku,
ndipo maji.
Kisha akanyoosha kidole kwenye kona ya ukuta:
"Pale usichimbe. Kuna mtu amelala."

Nikadhani kaburi.
Asubuhi nikaenda kutazama:
vumbi jekundu, baridi ya kiangazi,
na kijiti kikavu, chembamba, kimesimama peke yake
kama njiti ya kibiriti iliyokwisha kuwashwa.

Binti yangu Chola alitaka kupanda viazi vitamu pale.
Nikamwambia mwenye nyumba amekataza.
"Mwenye nyumba yuko Kolwezi," akasema,
"na njaa iko hapa."
Sikuwa na jibu. Nilimnunulia karanga.

Mwezi wa kumi mawingu yalikuja, yakatuangalia, yakaondoka.
Mvua ya kwanza ikanyesha; hakuiamini.
Ya pili, vilevile.
Baada ya ya tatu akatoa kidole cha kijani.

Hana shina la kujivunia, hana miiba.
Ana ncha za majani tu,
kila ncha imejikunja kama mkia wa kinyonga,
na kwa ncha hizo akapanda waya wa kuanikia nguo,
akaikamata kola ya shati langu la reli,
shati la bluu lililo safi kuliko mshahara wake.
Nililivuta, jani likataka kukatika.
Nikaliacha. Nikaenda kazini na shati la jana.

Sasa, maua.
Hayatazami jua.
Yanainamisha uso kama mtu anayetafuta sindano sakafuni,
na petali zote sita zinarudi nyuma, zinapanda juu,
kitenge kilichonyanyuliwa na upepo wa kabla ya radi.
Siku ya kwanza ni kijani, unaweza kumpita.
Halafu njano, kiini cha yai la kuku wa nyumbani.
Halafu wekundu unashuka polepole kutoka nchani,
na kadiri anavyozeeka ndivyo anavyowaka.
Mimi nina miaka hamsini na miwili. Nilisimama pale
hadi ugali ukaungua.

Numbi akapiga simu. Hakuuliza kodi,
na nilikuwa na deni la miezi miwili.
"Amefika?"
"Amefika."
"Rangi gani?"
"Njano. Ncha nyekundu."
"Bado kidogo, basi. Na mtoto asiguse kiazi chake.
Anayekila hafiki hospitali."
Nikaona jembe, nikaona mkono wa Chola, nikaona sufuria.
Nilikaa juu ya ndoo, simu ikaendelea kuongea.

Mwezi wa tano akakauka tena, asibakize hata aibu.
Hapo nikavunja amri: nikachimba, kwa kijiko.
Nikakuta viwili.
Kimoja kitupu, ganda lililonywea kama soksi;
cha pili kizito, kimepinda kama pembe ya fundi seremala,
kimelala shubiri moja mbele ya mwenzake,
kuelekea ukutani.

Nikamwungamia Numbi. Akanyamaza.
"Pima," akasema, "kutoka kizingiti cha mlango."
Nikapima kwa kiganja, magoti mavumbini,
Chola akihesabu kwa sauti.
Shubiri thelathini na nne.
"Ni sawa," akasema. "Nilimpanda mlangoni
wiki niliyoolewa.
Kila mwaka anakufa, anaacha mrithi,
na mrithi hapendi kulala kitanda cha marehemu."

"Na ukuta, mama?"
"Ukuta nilijenga mimi. Yeye hakuulizwa."

Nikafukia.
Jioni nikazunguka barabarani hadi kwa Kisimba,
upande wa pili, nikamkuta ananoa jembe.
Nikamwonyesha kona yake.
"Pale usichimbe," nikamwambia.
"Kuna mtu anakuja."