Saa Nane Usiku, Nuoro

Daktari Mureddu ameniwekea vitatu mezani:
kichupa na sindano, kalamu, na pampu
ndogo kama kiberiti, mrija ukining'inia.
"Chagua," asema, kana kwamba nanunua viatu.

Sindano naijua. Mama aliichemsha, ya kioo,
katika sufuria ya maziwa,
nami nikihesabu mapovu ili nisilie.

Kalamu ina adabu. Nabofya mara kumi na mbili
nyuma ya tanuri, unga ungali vidoleni,
hakuna mteja ajuaye.
Lakini dawa yake ya kutwa kucha
haijui kwamba mwokaji huamka saa nane,
hukanda, hutoka jasho,
sukari ikashuka kama ndoo iliyokatika kamba.

Pampu yajua. Hupunguza tone kwa tone.
Ila italala nasi kitandani.

Nimeomba wiki.
Nimerudi dukani, nimepima chumvi kwa kiganja,
kama siku zote, bila mizani,
nikacheka peke yangu:
mkono huu usiokosea mkate
mwilini mwangu wakosea.

Jumatatu nitamwambia: pampu.
Upande wa kushoto.
Bainzu hulala kulia.