Marashi Yana Kwao

Polisi wa Birkat al-Mauz alilizunguka gari letu
kama mnunuzi wa mbuzi asiye na nia ya kununua.
"Hili halipandi," akasema, akaligonga bati la Korola kwa ukucha.
Baba akatoa leseni, akatoa kitambulisho cha kazi,
akatoa na tabasamu. Mlima haukutaka karatasi.

Tukakaa kando ya barabara na maandazi ya jana.
Mama hakula. Tangu Jumanne alikuwa hali,
anaikunja leso, anaikunjua, anaikunja.

Ndipo ikasimama pikapu yenye mitungi ya gesi
na mbuzi mmoja mwenye dharau.
"Pandeni," akasema Yakubu bin Rashidi,
kana kwamba tuliahidiana tangu mwaka jana.
Baba akauliza nauli. Yule bwana akatazama pembeni,
kama mtu aliyesikia tusi dogo akaamua kulisamehe.

Njia ikajikunja, ikajikunjua.
Kona ya tisa Sabra akatapika kwenye mfuko wa mikate.
Masikio yakaziba, yakazibuka: pu!
Joto la Maskati likabaki bondeni huko, linatungoja.

Al-Aqr ni nyumba zilizouma mwamba kwa meno.
Chini yake vikonde vya waridi, ngazi juu ya ngazi,
na maji ya falaji yakipita mlango kwa mlango
kama jirani anayejua nani hajaamka.

Kabla ya tende, kabla ya kahawa, waliuliza habari.
Habari zenu? Njema.
Za njiani? Njema.
Za huko mtokako? Njema, alhamdulillahi, hakuna neno.
Kumbe na wao!
Nilidhani ni sisi tu wa Tanga
tunaosema njema huku paa linaungua.

Sikujua kikombe hutikiswa ukitosheka.
Nikanywa, kikajazwa. Nikanywa kwa adabu, kikajazwa.
Cha saba mkono ukatetemeka wenyewe
na mtoto wa Yakubu, kwa heshima zote, akakichukua.

Kisha mimi na Mama tukapelekwa nyuma, kwa Bi Ghaliya,
jikoni kweusi kwa moshi wa miaka ya bibi zake.
Masufuria yamepangwa ndani ya tanuri la udongo,
waridi linachemka bila kuonekana,
jasho lake linadondoka bakulini, tone,
tone.
Si meupe kama ya dukani maji yale.
Yana rangi ya chai ya mkandaa, yana moshi ndani.

Mama akanusa.
Akakaa chini, pale pale sakafuni, na baibui lake jipya.

Kwetu marashi hutoka kwenye mrashi wa fedha:
tone kwa bwana harusi, tone kwa wasomaji maulidi,
na mengi, mengi mno, juu ya sanda.

"Mama yangu," akasema kwa Kiarabu chake cha sokoni.
"Jumanne. Mbali. Sikufika."

Bi Ghaliya hakuuliza la pili.
Akausukuma mlango kwa kisigino, ukafungika.
Akateka kwa upawa, akamimina viganjani mwa Mama,
akamimina tena, bila kupima, hata kanga ikalowa,
na Mama akajipaka uso mzima akilia kwa sauti
ambayo sikuwahi kumsikia nayo.
Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu.
Siku ile aliyepona sijui alikuwa nani;
wote wawili walikuwa wanafuta macho.

Tulishuka na chupa ya Vimto imejaa waridi,
imezibwa kwa kitambaa. Korola ilikuwa tanuri.
Baba aliendesha kimya. Mbuzi tulimkumbuka sote.

Usiku shangazi akapiga simu kutoka Ngamiani.
"Habari za huko?" akauliza, kama kila siku.
Mama, chupa i mapajani, akavuta pumzi.
"Mbaya, dada," akasema. "Mbaya sana.
Haya, nisimulie mlivyomzika."