Makombe ya Barabara ya Kumi na Nne

Saa tano usiku nashusha nusu ya mlango,
nafagia maganda ya karanga,
nafuta jasho la watu kwenye padi nne
kwa kipande cha kanga kilichopoteza jina lake,
kisha nakaa na mashine, mimi na yeye,
nisome leo nani alikuwa nani.

Hawajui kama nasoma.
Kwao kombe ni kile kimlio, ting,
na kijipicha kinachochungulia pembeni mwa kioo
kikarudi ndani kama mwali aliyeitwa na somo wake.
Lakini mashine ina daftari.
Haisahau deni, haisahau saa.

Chambi, mdomo wake hufika Pongwe kabla ya miguu.
Ana makombe ya shaba arobaini na moja,
yote ya sura ya kwanza.
Ameanza michezo kumi na saba, hakumaliza hata mmoja.
Niliposikia anaposa Mabawa
nilinyamaza. Si kazi yangu.

Shemdoe ana dhahabu tatu za vita,
zote za Jumanne, saa nne asubuhi.
Jumanne saa nne asubuhi Shemdoe yuko Mgandini
anashusha magunia ya vitunguu.
Mtoto wa Mama Nyamawi alilipwa elfu mbili amchezee.
Nguo ya kuazima,
malizieni wenyewe.

Na Mhina wa kiwanda cha saruji,
anayeingia na kope za kijivu, hasalimii mara mbili.
Mchezo ni wa majambazi, bunduki bwerere,
yeye anasimama kwenye taa nyekundu.
Anasubiri. Anawasha indiketa!
Vijana walicheka mpaka benchi likalia.
Kilomita mia mbili bila kumgusa mtu:
kombe la fedha, wanalo wachezaji wawili katika kila mia.
Nikamuuliza. Akasema,
"Kule napakia tu, dada Mwanamvua.
Hapa naendesha."

Bibi yangu Makorora alikuwa na kombe jingine.
Aliandika kwa zafarani kwenye sahani nyeupe,
akamwagia maji ya waridi, akatikisa,
herufi zikalegea, zikaogelea, zikaisha.
Kunywa, akasema, usibakize.
Nilikuwa na homa ya siku sita.
Sahani ikarudi kabatini nyeupe pe,
na hakuna aliyehesabu
ni watoto wangapi katika mia walikunywa.

Mimi? Ninalo moja.
"Umeanguka mara mia."
Kuna daraja, kuna pengo, kuna kitufe cha kuruka,
na kuna kidole changu kinachochelewa.
Lingeweza kufichwa, kitufe kipo,
Chambi amezificha saa zake zote.
Langu nimeliacha wazi
kama sufuria iliyoungua, iliyoanikwa uani.

Basi juzi, Alhamisi,
Kidagho, miaka tisa, soksi moja,
anamfunga Chambi nne bila.
Banda zima limesimama.
Habari za Mabawa zilikuwa zimeshafika:
posa imerudishwa, na sahani yake.
Chambi hasemi. Chambi, hasemi!
Mtoto akageuza shingo, akamtazama usoni
muda mrefu kuliko mchezo unavyoruhusu,
na kipa wake akaanza kusinzia.
Moja. Mbili.
La tatu beki alijifunga, kwa kisigino.
La nne.
La tano dakika ya tisini, Chambi juu ya benchi,
shati kichwani, anapiga kelele kama zamani.
Ting, ikasema mashine:
"Ametoka nyuma akashinda." Dhahabu.
Kwa Kidagho haikuandika kitu.

Sheria ya banda ni moja, anayefungwa ndiye anayelipa.
Akanyoosha mia tano, ya moto,
imekaa kiganjani tangu mapumziko ya shule.
Nikamwambia, weka,
mechi haihesabiki, umeme ulikatika.
Akainua macho kwenye balbu.
Ilikuwa inawaka.