Mkono wa Kushoto

Mashine imenipa besi bila ya mpigaji.
Mtu nisiyemjua, katika chumba nisichokijua,
alikaa na gitaa lake akapiga noti moja moja,
kila moja mara nne, kwa upole, kwa ukali,
hata mkwaruzo wa kidole akauacha mle ndani,
kisha akapokea ujira wake akenda zake.
Mie ndiye niliyebaki naye hapa Michenzani,
jumba namba sita, ghorofa ya tatu,
dirisha nimelifunga kwa jenereta la duka la chini.

Harusi Ijumaa. Wanataka kidumbak,
lakini wanakitaka cha kompyuta, wapigaji ghali.

Nikazipanga noti zote, zimenyooka,
nguvu ya kila moja mia na saba,
mia na saba, mia na saba.
Ami Ussi akasikiliza pale kwenye kochi,
upande wake wa kulia umelala tangu Mfunguo Nne,
akauliza kwa mdomo uliopinda:
"Huyu mtu wako hula saa ngapi?"

Nikarudi kwenye kipanya.
Hii tisini, hii sitini na mbili,
hii nikaichelewesha unywele mmoja nyuma ya ngoma,
kwani vidole viwili vya mtu havilingani.
Nikakumbuka gitaa lina nyuzi nne
na mkono wa kushoto ni mmoja,
hauwezi kuwa juu ya shingo na chini yake
kwa pumzi ile ile. Nikaupa muda wa kusafiri.
Nikafuta noti tatu nilizozipenda.
Nikatia ile isiyo na jina, iliyokufa,
kidole kinagusa uzi na uzi unasema tu: tk.

"Sasa anakula," kasema Ami.
"Lakini huyo hajakalia sanduku."

Sanduku.
La chai, limetobolewa, fimbo imesimama, uzi mmoja tu.
Yeye kalikalia, kulia anadonoa,
kushoto anaivuta ile fimbo,
na sauti haitulii, inapanda, inateleza,
inapita katikati ya noti mbili
kama mtu anayekata uchochoroni
asionekane na mkwewe anayemdai.
Makunduchi wakimjua kwa mwendo huo,
hata Nungwi, wasiomjua jina.
Mwaka wa mvua kubwa sanduku liliota ukungu,
na mama, Mungu amsamehe, akalitia jikoni.

Pembeni ya kinanda changu, upande wa kushoto,
pana gurudumu dogo la kupinda sauti.
Sijapata kuligusa ila kwa bahati mbaya.
Nikalisogeza kochi, miguu ikalia sakafuni.
Nikaushika mkono wake, ule ulio hai,
nikauweka pale.
"Vuta," nikamwambia,
kisha nikaona haya, mie wa kumfundisha yeye.

Akavuta.

Mara ya kwanza alizidisha, noti ikalia kama mbuzi,
tukacheka mpaka mama akagonga ukuta.
Mara ya pili alinuna, akasema kigurudumu hakina uzito,
fimbo humrudishia mtu mkono, hiki hakirudishi kitu.
Nami nabonyeza kwa kidole kimoja, nabonyeza, namngoja.
Ya tano au ya sita, sikuhesabu,
alifumba macho.

Kinanda kina noti kumi na mbili.
Usiku ule tulipiga zilizobaki.

Sikurekebisha. Alipochelewa, kachelewa.
Beti la mwisho besi inalegea, mkono umechoka,
mwenye masikio atasikia.
Faili nimeliita Ussi Kushoto,
na bei sijampandishia mtu.

Na yule mwengine, popote alipo,
aliyepiga kila noti mara nne akalipwa,
hajui kwamba jana amekalishwa juu ya sanduku,
ghorofa ya tatu, ukuta unagongwa,
na bibi harusi bado hajatolewa nje.