Mikate ya Jasi

Baraza la Steinthal lilipiga kura Jumanne,
theluji ya Alpi ikigonga vioo:
wapiga filamu warudishiwe theluthi ya gharama.
Nami nilinyoosha mkono. Paa la shule lilikuwa likivuja.

Wakaja na malori kumi na manne.
Njia ya kanisani ikafungwa siku tisa;
muuguzi Roswitha akapanda kilima kwa miguu
hadi kwa Korbinian, ambaye kisukari chake
hakisubiri ruhusa ya mwongozaji.

Duka la mikate la Ottilie lilifungwa mwaka juzi,
kodi ilipoanza kuwafuata wageni wa wikendi.
Wakalifungua. Wakalipaka rangi ya kizamani,
wakapanga rafuni mikate ya jasi,
wakamlipa Ottilie mwenyewe
asimame nyuma ya kaunta, atabasamu.

Paa limezibwa, sikatai.
Watalii sasa wanapigana picha pale mlangoni.

Ila asubuhi ya kwanza, kamera hazijawashwa,
mtoto wa Gundl aliingia na sarafu yake,
akaomba nusu mkate mweusi,
na Ottilie, kwa kujisahau,
akanyoosha mkono kuchukua kisu.