Soksi ya Bogumiła

Jana usiku niliwahesabu uduvi wangu: kumi na tisa.
Leo asubuhi, kumi na wanne.
Nikaanza upya kutoka kona ya mawe. Kumi na wanne.
Hakuna mzoga, hakuna maji machafu,
pampu tu, inanguruma kwa adabu zake
kama mgeni aliyeshiba asiyetaka kuulizwa alichokula.

Maji hufuata mkondo,
na aliye mdogo hufuata maji.
Mimi, dereva wa tramu wa zamu ya usiku, Łódź,
ningepaswa kulijua hilo.

Nikachomoa plagi, nikaifungua pampu juu ya sinki.
Kwenye feni: sharubu moja,
mguu mwembamba kama uzi uliofumuka,
ganda tupu la rangi ya chai.
Na chini kabisa, ndani ya tope la chujio,
mmoja yu hai.
Amenenepa!
Ananitazama kwa macho yake mawili ya wino
kana kwamba ni mimi niliyeingia bila hodi.

Muuza samaki, kijana mpole, sifongo zimemwishia.
Njoo Alhamisi, anasema.
Leo Jumatatu. Watano kwa usiku mmoja;
ifikapo Alhamisi nitakuwa nafuga maji matupu.

Basi nikagonga mlango wa mkabala.
Bogumiła: miaka thelathini na mmoja kiwandani,
soksi za nailoni, jozi baada ya jozi,
mpaka mashine zikauzwa kwa kilo.
Hakucheka. Aliuliza, "Wana ukubwa gani?"
"Wale wachanga? Punje ya ufuta."
Akavuta droo, akatoa soksi ya rangi ya mchanga,
akatia mkono ndani, akaunyanyua mbele ya taa,
akakigeuza kiganja polepole
akitafuta uzi uliokatika,
kama alivyoutafuta maisha yake yote
kwa ajili ya miguu ya wanawake asiowajua.
"Hii haipitishi mtu," akasema.
"Ila itaziba. Uifue kila Jumapili.
Na sabuni usiiguse."

Tukakata kipande, tukakivika kile kinywa cheusi,
tukazungusha uzi mara tatu.
Fundo ni lake. Langu alilifungua.

Sasa pampu inavuta kwa shida kidogo,
kama mtoto anayenyonya uji mzito kwa mrija.

Saa kumi alfajiri narudi, theluji viatuni.
Siwashi taa kubwa.
Juu ya soksi, pale pale penye mvuto,
ametua uduvi mchanga, karibu haonekani,
anachota makombo yaliyonasa,
mkono huu, mkono ule,
anakula mdomoni mwa kilichotaka kumla.

Najaribu kuhesabu.
Kumi na watano. Au kumi na wanne.
Hawatulii.