Mkono wa Kushoto

Baba alirudi kutoka Ngomeni na mkono mmoja.
Korona ilikuwa imekula ule wa kushoto,
ikautema pamoja na makapi ya mkonge,
na msimamizi akaandika daftarini:
mashine imesimama dakika kumi na mbili.

Pale Bombo walimchoma penisilini, sindano ishirini na nane.
Usaha ukakauka. Akaishi miaka mingi
akifunga kamba za viatu kwa meno.
Nilikuwa darasa la tatu. Nilimuuliza nesi
dawa hiyo inatoka wapi. Akasema: stoo.

Nimeitafuta stoo hiyo maisha yangu yote.

Nilianza na kijiko cha chai na mfuko wa nailoni
nyuma ya mashine ileile, kwenye rundo la makapi
yaliyooza mpaka mbwa wakalikwepa.
Nilijua jambo moja tu:
penye uozo pana ugomvi, na kila mgomvi ana silaha.
Mle topeni aliishi bakteria, mvivu, rangi ya kutu,
aliyetema kitu kilichowanyima jirani zake uzazi.
Nilimpa namba, kumi na saba.
Mbelwa, mume wangu, alimwita mume mwenza.

Miaka sita kulijua umbo la kile alichotema:
kaboni ishirini na mbili, oksijeni saba,
pete mbili zilizoshikana
kama wanandoa waliogombana wakalala kitanda kimoja.
Kisha kulijenga upya, kwa mikono yetu,
maana yeye alitoa chembe, na wodi zimejaa.

Hatua kumi na nne.
Ya tano ilitaka baridi kali, na Chumbageni
umeme ulikuwa na siku zake za kukatika.
Shekue, fundi wa maabara, alikimbia Makorora
kununua barafu za mifuko kwa Mama Fundo muuza ubuyu;
tukazimwagia chumvi ya mawe, tukashika chupa kwa zamu
mpaka vidole vikafa ganzi.
Ya nane ilitoa lami.
Ya nane ilitoa lami tena.
Ya nane, mwaka wa tisa, ilitoa fuwele,
nyeupe, chache, zingepotea ndani ya kucha,
na Shekue akazuia pumzi asizipeperushe.

Zilizobaki zikapita kama mchezo.
Tukapanda vijidudu vya vidonda vya Bombo,
vile visivyoogopa tena kitu chochote cha stoo,
tukadondoshea dawa, tukalala palepale juu ya maboksi.
Asubuhi sahani ilikuwa imetanda, pembe hadi pembe.
Hakikufa hata kimoja.

Nilipima upya. Uzito uleule,
kila atomu na jirani yake.
Nikaenda nyumbani. Baba alikuwa anakula,
na nyuma yake kabati lenye kioo.
Mle kiooni kulikuwa na mtu
aliyepoteza mkono wa kulia,
anamega ugali kwa wa kushoto.
Sikumaliza chai.

Molekuli nazo zina mikono.
Miwili, sawasawa, isiyovalika glovu moja.
Mume mwenza alitumia wa kushoto.
Mimi nilijenga wa kulia,
miaka tisa, kwa uaminifu wote.

Kuugeuza kulichukua saba mingine. Baba hakuungoja.
Ule wa kushoto uliua, ndiyo,
sahani ikabaki safi kama uso wa maji mtungini.
Kisha ukaua figo za panya.

Basi ndiyo hiyo, Mwanasiti, kazi yangu yote.
Hatua ya nane tu ndiyo iliyosafiri:
watu nisiowajua wanajengea vitu nisivyovijua.
Sijui kama hicho ni kidogo. Siku nyingine sikioni kidogo.

Funguo hizi. Ya friji hukwama, inyanyue kwanza.
Ngomeni korona bado inanguruma;
chota mbali kidogo na nilipochota mimi.
Kijiko kipo droo ya chini, ni kilekile.
Kioshe. Shekue hukorogea chai.